Fundi, Cherehani na Miguu Yake

Runyenjes, Kijiji Kipya
6 Machi 1955

Kwa Dada Hidaya binti Idrisi,
Majengo, Meru.

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, hofu ni kwako na kwa kaka yako Suleiman. Barua hii sikuitia posta kwa sababu siku hizi bahasha hufunguliwa kabla hazijafika. Nimempa Suleiman mkononi alipokuja kununua mbuzi sokoni. Yeye hupita vizuizi vya barabarani kwa kuwa ni Mswahili wa Majengo. Sisi Waembu na Wameru tumefungwa, kila mtu na kijiji moja, na bila pasi huvuki hata mto.

Nina shida, na sina wa kumwambia isipokuwa binti wa mwalimu wangu. Marehemu baba yako alinilisha miaka minne. Watu walimwambia kijana anayetambaa kwa mikono hawezi cherehani ya kukanyaga, akawaambia kama miguu imekataa mikono haijakataa. Alinifundisha kuzungusha gurudumu kwa mkono wa kulia na kuongoza kitambaa kwa wa kushoto, na mpaka leo ndivyo ninavyokula.

Unamkumbuka mama yangu Ciakuthii, yule aliyekuja kwenu akamgombeza baba yako eti ananinenepesha. Mwezi wa Oktoba alikwenda Kibirichia kwa dada yangu Karambu, aliyekuwa na mimba. Kabla hajarudi, barabara zikafungwa. Koome, mume wa Karambu, alichukuliwa kwa lori na sasa yuko kambini. Nyumba yetu ya Kanja ilichomwa siku tulipoamriwa kuhamia kijijini. Mama hajui hilo. Na mimi sijui kama anakula.

Nilikwenda ofisini kuomba pasi ya kumfuata. Karani Muthamia alicheka mpaka akavua miwani. Alisema, "Wewe hata kwenda choo ni safari, sasa unataka pasi ya Meru? Pasi ni ya watu wa kutembea." Nilicheka naye, maana ukigombana na karani umegombana na serikali. Nilirudi nyumbani nikakosa hamu ya chakula siku mbili.

Suleiman akipanda Kibirichia kutafuta kondoo, tafadhali aniulizie. Niandikie kila kitu, dada, usinifiche.

Ni mimi, mwanafunzi wa baba yako,
Ireri


Majengo, Meru
28 Machi 1955

Kwa Fundi Ireri,

Waalaikum salaam, ingawa hukusema. Barua yako nimeisoma mara tatu, mbili kwa furaha na moja kwa kuisahihisha. "Kila mtu na kijiji moja!" Ni kimoja, Fundi. Kijiji kimoja, mtu mmoja, shida moja. Baba aliweza kukufundisha kola na mfuko, lakini hili lilimshinda. Siku nikikuona nitakuchapa na futi yake.

Suleiman amefika Kibirichia. Huko nako wamekusanywa kijijini, juu kabisa kwenye viazi na baridi. Amemwona mama yako kwa macho yake. Ni mzima na ulimi wake mzima, amemwambia Suleiman kwamba kondoo wote aliowanunua wana mafua. Karambu alijifungua mtoto wa kike tarehe nne mwezi wa pili, naye amepumzika. Mungu ndiye mpangaji. Mtoto anakunywa maziwa ya mbuzi na ana nguvu. Pole kwa yote, ndugu yangu.

Sasa lililo zito. Msimamizi wa kijiji kile, Kithinji, anahesabu watu. Koome yuko kambini na mama yako si mtu wa pale, kwa hiyo yeye na mtoto hawana mwenyewe. Kithinji amesema wasio na mwenyewe watapakiwa lori mwisho wa Juni, wapelekwe kambi ya wasio na makwao. Suleiman alijaribu kusema atawadhamini, akaambiwa Mswahili hawezi kumdhamini Mwembu. Anataka mtu wa damu, mwanamume, afike mwenyewe aweke kidole gumba kwenye daftari.

Mwanamume wa damu ni wewe peke yako. Sijui utafikaje. Ninajua tu kwamba hapa Majengo kuna kitanda.

Hidaya


Runyenjes
12 Aprili 1955

Dada Hidaya,

Mtoto wa kike! Nimewaambia majirani wote, hata wale tusiosalimiana.

Mwambie Karambu apumzike kweli kweli, asishike jembe kabla ya miezi mitatu. Yule tangu utotoni hajui kukaa. Alinibeba mgongoni kwenda mtoni akiwa na miaka minane, mimi sita, na akinichoka ananiweka juu ya jiwe, anacheza, kisha anarudi kunibeba tena. Kama maziwa yamemkauka anywe uji wa wimbi, ule mwepesi. Nimemshonea gauni la maua lenye vifungo mbele ili anyonyeshe bila taabu. Suleiman analo. Mwambie rangi nilichagua mwenyewe, akiisema vibaya nitalichukua.

Na ile habari ya Kithinji, nitakuja. Karani alisema pasi ni ya watu wa kutembea. Basi nitakuja, lakini si kama mtu.

Sikiliza. Juzi Koplo Riungu wa kituo cha homgadi, hawa walinzi wa serikali, aliniletea suruali iliyopasuka makalioni. Nilimshonea vizuri kuliko alivyostahili, nikamtilia na mstari wa pasi unaoweza kukata ndizi. Akapita nayo mbele ya wenzake wa kituo cha jirani, na hao ni watu wanaolala na nguo zao msituni, kwa hiyo hakuna mwenye suruali nzima. Leo wameniomba. Siombwi kama mtu, naombwa kama jembe. Nimeona karatasi ya lori kwa macho yangu: "Unga magunia sita, cherehani moja, fundi moja." Umeona? Hata serikali inaandika fundi moja. Na mzigo hauulizwi pasi, dada.

Kila kituo kina jirani yake, na kila jirani ana suruali iliyochanika. Nitaufuata mlima kwa sindano mpaka nifike.

Ireri


Majengo
26 Aprili 1955

(Barua hii haikutumwa.)

Ireri,

Hukunielewa. Niliandika amepumzika. Kwetu mtu akiandikiwa hivyo hukaa chini na kushika kichwa. Nilitafuta neno lisilokukata, nikapata hilo, nikadhani limefika. Kumbe umeshona gauni.

Karambu amekufa. Alikufa siku ile ile aliyojifungua. Gauni lipo hapa mezani, lina vifungo sita na umeyazungushia matundu yake uzi mara mbili. Suleiman ameniambia nikuandikie leo hii. Nimekaa tangu alasiri. Nikikuandikia, utasafiri na msiba katikati ya watu wenye bunduki, nao humwuliza kila mwenye huzuni anamlilia nani aliye msituni. Na usiposafiri, mama yako


Majengo
28 Aprili 1955

Kwa Fundi Ireri,

Gauni limefika. Ni zuri sana, na rangi haina kasoro.

Njoo upesi. Mvua imeanza, na barabara ya Chuka utaijua mwenyewe. Ukifika kwenye vizuizi usijibu swali ambalo hukuulizwa. Usicheke sana wala usinune. Mama yako anasema uje na chumvi na usije na maneno mengi. Mtoto ameanza kushika kidole cha mtu na kukataa kukiachia.

Dua zangu ziko nawe kila sala, na hilo sikuandikii kwa mazoea.

Hidaya


Nkubu
25 Mei 1955

Dada Hidaya,

Suleiman amenikuta hapa Nkubu nimekaa juu ya gunia, nakaza vifungo vya koti la sajini. Nimepita vituo vitano. Mikono imeota sugu juu ya sugu, na vile vipande vya tairi ninavyovaa magotini nimevibadilisha mara mbili.

Pale Thuci, mpakani, lori lilizama kwenye matope hata kabla ya daraja. Wanaume kumi na wawili walisukuma, wakateleza, wakatukanana. Mnyororo ulitakiwa ufungwe kwenye ekseli, na hakuna aliyetaka kuingia chini, maana lilikuwa likishuka kidogo kidogo. Mimi niko karibu na ardhi kuliko wote. Nilijivuta kwa viwiko, nikafunga mnyororo, nikatoka nikiwa mwekundu mwili mzima. Homgadi wa kizuizi, aliyekuwa amenyoosha mkono kutaka karatasi, aliniangalia akasema, "Huyu wacheni apite, huyu ni jeki." Basi nimeshakuwa mzigo na jeki. Nasubiri kupandishwa cheo niwe mtu.

Igoji walinitoa jasho zaidi. Cherehani yenyewe waliiacha, lakini walikataa ile miguu yake ya chuma. Walisema chuma kama hicho ndicho watu wa msituni hutengenezea bunduki za kienyeji. Nilikaa pale siku tatu. Mwishowe niliwaambia waifunge miguu kwenye cherehani, nikawashonea mbele yao mfuko wa risasi, wakaona ni miguu ya cherehani kweli. Tangu siku hiyo kila kituo nawaomba waiandike kwenye karatasi, "cherehani na miguu yake," isije ikaniponza tena.

Lori la Ijumaa linapanda moja kwa moja Kibirichia. Litapita Majengo bila kusimama. Nitainua turubai niangalie mnara wa msikiti na paa la nyumba yenu. Nimemnunulia Karambu sukari ratili mbili.

Ireri


Kibirichia
7 Juni 1955

Hidaya,

Nilifika Ijumaa jioni. Niliachwa penye lango la kijiji, nikatambaa kati ya nyumba nikiuliza. Nilipoonyeshwa mlango niliita kwa sauti, "Karambu! Toka uone nani amekuja na miguu yake mwenyewe!" Ni mzaha wetu wa zamani. Nikaita mara ya pili. Akatoka mama, ana mtoto mgongoni, akaniangalia akasema, "Mwanangu, hukuambiwa?"

Mtoto amevaa maua yangu. Umelikata gauni.

Ulijua. Suleiman alijua alipokunywa chai na mimi Nkubu. Mimi nimepita vituo saba nikicheka na watu, nikiwahadithia kuhusu dada yangu aliyejifungua. Kuna homgadi wa Chuka amenipa kuku nimletee. Nilikuandikia usinifiche. Kama ni huruma, basi ilikuwa huruma ya kunifanya mjinga.

Kithinji amechukua kidole changu kwenye daftari. Amesema niwatoe hapa kabla ya mwisho wa mwezi, lakini pasi ya barabara si kazi yake, niombe kwa Bwana Shauri wa wilaya. Nimetuma ombi kupitia sajini wa hapa, limerudi siku hiyo hiyo. Mama alitoka Embu bila pasi, kwa hiyo hawezi kupewa pasi ya kurudi alikotoka. Hivyo ndivyo walivyoandika. Mimi wamenipa karatasi yangu ya kurudi na cherehani. Mama na mtoto hawamo.

Karambu yuko upande wa juu wa shamba la viazi. Nimekaa naye siku nzima.

Ireri


Majengo
9 Juni 1955

Ireri, ndugu yangu,

Unikasirikie. Una haki, na sitajitetea sana.

Niliandika amepumzika. Soma barua yangu ya kwanza kama unayo. Kwetu neno hilo ni msiba, na nilidhani hata kwenu. Jibu lako lilipokuja limejaa uji wa wimbi, nilijua neno langu limeanguka njiani. Nilikaa na kalamu siku mbili. Barua yenye neno lililo wazi ninayo sandukuni, nitakupa uisome, imekatika katikati kwa sababu pale ndipo nilipoona siwezi. Niliogopa utakuja na uso wa msiba vizuizini wakufunge, au hutakuja kabisa, na mama yako aende kambini na mtoto wa miezi minne. Niliamua peke yangu. Suleiman alinikataza. Nimekukosea, na nimelia kwa ajili ya Karambu kabla yako, jambo ambalo halikuwa haki yangu.

Gauni nililikata usiku wa kwanza wa baridi, Suleiman aliposema mtoto amefungwa gunia. Vifungo nimeviacha vyote sita.

Sasa nisikilize hata kama umenuna. Umeniandikia "wamenipa karatasi yangu ya kurudi na cherehani." Suleiman anasema ameiona. Imeandikwa hivi: "Mruhusu fundi Ireri na cherehani na miguu yake kurudi Runyenjes." Isome tena polepole, wewe uliyeshindwa na upatanisho wa maneno. Miguu yake. Miguu ya nani? Cherehani ina "yake," na fundi ana "yake." Kiswahili hakikusema ni ipi.

Cherehani ya kukanyaga hukanyagwa na miguu. Wewe huna. Sasa nani hukanyaga? Hawajui kwamba unazungusha kwa mkono, isipokuwa waliokuona ukishona, na pale Thuci hujashona, ulikuwa jeki tu.

Mlete mama kwangu. Kutoka huko mpaka hapa Suleiman atawapitisha, homgadi wa njia hiyo wote wanakula maini ya mbuzi wake. Nipe siku kumi nimfundishe.

Hidaya


Runyenjes
27 Juni 1955

Dada Hidaya,

Tumefika. Wote watatu.

Ulipotuaga pale Majengo ulisema niandike yote, nisije nikakuadhibu kwa barua fupi. Naandika yote.

Igoji na Chuka walisoma karatasi, wakahesabu cherehani, wakaona miguu ya chuma, wakadhani mama ni abiria wa Suleiman kwenye gari lake la mbuzi. Thuci ndiko kulikokuwa na shida, kama ulivyosema. Alikuwa homgadi mpya, mrefu, anasoma kwa kidole.

"Hii karatasi ni ya fundi na cherehani," akasema. "Sasa hii mama ni ya nani?"

Nikasema, "Ni yangu. Endelea kusoma, mkubwa."

"Na miguu yake. Miguu si hii ya chuma?"

"Hiyo ni meza. Miguu ni ya kukanyaga. Mimi hii yangu unaiona ilivyo. Sasa nikose miguu, cherehani itajiendesha na maombi?"

Akaniangalia, akamwangalia mama. Akasema, "Basi ikanyage tuone."

Suleiman akashusha cherehani barabarani, katikati ya matope na mbuzi wanaolia. Mama akakaa kwenye debe, mtoto mgongoni. Homgadi akavua shati lake lenye kwapa lililopasuka, akanipa. Zile siku kumi kwako mama alikuwa akikanyaga mbele, nyuma, mbele, uzi ukikatika, akisema cherehani ni punda wa Kizungu. Pale Thuci alikanyaga kama aliyezaliwa nayo. Nyuma yake mtoto akawa anapanda na kushuka, akalala. Nilishona kwapa lote bila kukata uzi. Mama akamwambia yule kijana kwa Kiembu kwamba mama yake angeona kwapa hilo angelia, na kumbe kijana ni wa Kanja, anasikia kila neno. Akacheka, akavaa shati, akainua mti wa kizuizi kwa mkono wake. Akasema, "Pita na miguu yako, mzee."

Daraja likabaki nyuma, tukafika kilima cha pili. Halafu mama akaanza kutetemeka miguu, ile ile, ikawa haitulii, nikaishika kwa mikono yangu miwili mpaka tulipofika.

Nimemwambia kuhusu nyumba ya Kanja siku hiyo hiyo, wazi, kwa neno lenyewe. Alilia. Kisha akauliza kama kuku waliokolewa. Karani Muthamia amemwandika yeye na mtoto kwenye nyumba yangu, na hakuuliza walikujaje, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri kwamba nilikwenda.

Hasira yangu imekwisha. Ile barua yako iliyokatika naisoma mara kwa mara. Nimeona ulivyoandika hesabu ya vifungo. Hakuna mtu mwingine aliyegeuza gauni lile akatazama matundu yake kwa ndani.

Sasa nina kazi mbaya kuliko Thuci. Kuna barua nimeikuta hapa, imetoka kambini, imefunguliwa na kufungwa tena. Ni ya Koome. Ameruhusiwa karatasi moja. Anauliza Karambu hajambo, alijifungua nini, na kama anamlaumu kwa kuwa hakuwepo. Ana nafasi ya kuandika tena mwezi wa Agosti. Mama anasema nimwambie atakapotoka, kwamba habari kama hiyo ndani ya seng'enge itamvunja. Nimeshika kalamu mara nne. Kila neno ninalolipata ni kama lile lako. Nimeanza kukuelewa, na sipendi.

Nifanyeje?

Ireri


Majengo
8 Julai 1955

Ireri wangu,

Mwambie.

Mimi nilikuficha nikakufikisha salama, na bado najuta, kwa sababu uliita jina mlangoni. Koome naye ataita jina mlangoni siku moja. Usimwache aifanye safari hiyo yote akiwa na sukari mkononi.

Lakini anza na mtoto. Mpe kwanza kitu cha kushika, ndipo umwambie. Na usitumie neno langu. Usiseme amepumzika, usiseme ametutoka, usiseme mapenzi ya Mungu. Sema lenyewe, mara moja, halafu mwambie nani alikuwa naye, maana hilo ndilo atakaloliuliza usiku.

Nyumba imekuwa kubwa mno tangu mlipoondoka. Suleiman anasema nimeanza kuongea na debe alilokuwa akilikalia mama yako. Nimezoea sauti ya mama yako akigombana na uzi, na nimekuzoea wewe upande ule wa meza, kama zamani baba alipokuwa hai. Nasema wazi kwa kuwa nimeona mficho unavyogharimu: ninakukumbuka kila siku, na si kama mwanafunzi wa baba.

Hidaya


Runyenjes, Kijiji Kipya
15 Julai 1955

Kwa shemeji yangu Koome,
Kambini.

Una binti.

Alizaliwa tarehe nne Februari, kule Kibirichia, asubuhi, kabla umande haujakauka. Leo nimempima kwa futi yangu ya ushonaji, ni inchi ishirini na tano na nusu. Ana masikio yako. Mama anasema nywele zikiota zitasaidia. Ana jino moja chini na lingine linakuja, na kwa hayo ameshanikata kidole cha kushika sindano. Watu wengine wote humjia kutoka juu. Mimi uso wangu uko chini, mkekani, karibu na wake, kwa hiyo akiniona hucheka kabla sijafanya lolote. Yuko hapa kwangu Runyenjes, pamoja na mama. Wameandikwa kwenye daftari la kijiji na hakuna atakayewahamisha.

Sasa keti, kama umesimama.

Karambu alikufa. Alikufa siku ile ile, jioni, kwa damu. Mama alikuwa amemshika, hakuwa peke yake hata dakika moja. Alimwona mtoto na alimshika, akahesabu vidole vyake, akasema ni vyote. Umeuliza kama anakulaumu. Mama anasema alikutaja mara mbili, na zote mbili aliuliza kama mahali ulipo kuna blanketi. Nakuandikia alivyosema, sikuongeza kitu.

Amezikwa upande wa juu wa shamba lako la viazi. Nimekwenda mwenyewe, nimekaa pale, na nimeweka mawe kuzunguka ili jembe la mtu lisipite.

Mimi nilichelewa kuambiwa, na ninajua uchungu wa kuwa wa mwisho kujua, ndiyo maana sikungoja utoke. Kama nimekosea, utanipiga ukija. Siwezi kukimbia.

Jambo moja limebaki. Mtoto hana jina. Wanawake wa hapa wameleta majina, mama naye ana lake, nimewakatalia wote. Nimesema baba yake yu hai, na jina ni lake kutoa. Miezi mitano na zaidi tunamwita Mtoto tu, naye anaitika. Mpe jina, Koome.

Na wewe afisa utakayefungua bahasha hii kabla yake, humu hamna siri. Nakuomba tu umruhusu ajibu kabla ya Agosti. Jina ni neno moja, halijazi hata mstari. Nimetia ndani karatasi tupu na stempu.

Shemeji yako,
Ireri